Baruti ya Majira ya Baridi

Mkataba wangu wa kufundisha takwimu chuoni ulipokwisha, na mkuu wa idara akanieleza kwa upole mwingi kwamba hakuna fedha ya kuuongeza, nilibakiwa na shughuli moja tu duniani: kutafuta baruti. Si ya kupigania vita wala ya kuulia swala. Nilitaka baruti ya bunduki ya shabaha, ile ambayo mtu mzima mwenye shahada tatu hulala nayo kifudifudi kwenye nyasi na kutoboa karatasi iliyo mbali, kisha huenda kuangalia matundu yake kwa furaha ya mtoto aliyechora nyumba.

Aliyenitia katika mchezo huo ni rafiki yangu Mkenya, mtunza wazee katika nyumba moja ya wazee huko New Hope, jimbo la Minnesota, Marekani. Mtoto wa mzee mmoja aliyekuwa akimhudumia alimkaribisha kwenye klabu yao ya shabaha, naye akanikokota mimi ili asiwe Mwafrika peke yake kati ya wanaume waliovaa kofia za makampuni ya mbegu. Walitupokea vizuri. Watu wa Minnesota hawaulizi mengi, na mwaka ule nilihitaji sana kutoulizwa.

Mke wangu, muuguzi, ndiye aliyekuwa akilisha nyumba. Tulikaa Hopkins, katika ghorofa la zamani lenye mabomba yanayokohoa. Asubuhi alikwenda kazini, watoto wakaenda shule, nami nikabaki nimelala nikitazama dari. Jumamosi tu ndiyo niliyokuwa naamka mwenyewe, kwa sababu ya bunduki. Alikwisha kuliona hilo. Na bado, mwezi wa pili, akiwa anakatakata sukumawiki, alinipa sharti.

"Klabu yenu inachagua timu mwezi wa sita, sivyo?"

"Watu wanne."

"Ukiingia, sawa. Utakuwa na ratiba, utakuwa na watu wanaokungoja. Usipoingia, hiyo bunduki inatoka humu ndani."

"Iende wapi?"

"Popote, baba. Isiwe hapa."

Nilidhani anawahofia watoto. Nikamkumbusha kwamba kabati ni la chuma, kufuli ni mbili, na watoto wenyewe ukiwaambia neno kwa Kiswahili wanakujibu kwa Kiingereza kwamba wana homework. Aliendelea kukata mboga, nyembamba sana, kama anayekata kitu kingine.

Basi nafasi moja kati ya nne ikawa ndiyo kamba yangu. Najua inavyosikika. Lakini mtu anayezama hachagui kamba kwa uzuri wake.

Wapiga shabaha wa kweli hawanunui risasi zilizokwisha kutengenezwa. Huzitengeneza wenyewe mezani, kama mama anayesema vitumbua vya dukani si vitumbua. Una ganda la shaba. Kitakoni mwake unapachika fataki, kikombe kidogo kinacholipuka kikigongwa na kuiwasha baruti. Ndani unamimina baruti uliyoipima, na juu unakandamiza kichwa cha risasi. Ganda na kichwa vinakubali kuchaguliwa haraka. Baruti na fataki ni ndoa: kila mmoja anaweza kuwa mtu mwema kwa majirani, na nyumbani wakashindwana.

Muuza duka kule New Hope, mzee mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alinitolea makopo mawili. Baruti ya kwanza ilikuwa vijiti vifupi kama majani ya chai yaliyokatwa kwa wembe. Inakwama kwenye funeli, inakera kupima. Ya pili ilikuwa chembe laini za mviringo, inatiririka kama mtama, kila kipimo sawasawa na kilichotangulia. Mtu wa takwimu ataipenda ipi? Nilikwisha kuishika ya pili.

"Hiyo ni nzuri," akasema mzee, "lakini inabadilika na joto. Ukiipa na fataki kali, iangalie."

Nilicheka, kwa adabu. Mimi ni mzaliwa wa Dar es Salaam. Mtu wa Minnesota kunifundisha joto ni kama mimi kumfundisha kukwangua barafu kwenye kioo cha gari. Nikanunua chembe laini, na fataki kali juu yake, pamoja na pakiti ndogo ya fataki hafifu za kulinganishia.

"Yule mzee alikuwa anakuambia nini?" rafiki yangu akaniuliza garini.

"Mambo ya joto."

"Na hukumsikiza?"

"Wewe mtu wa Limuru, wa baridi ya milimani, unajua nini kuhusu joto?"

"Sijui kitu. Ndiyo maana nimesikiza." Akainua mfuko wake. Ndani mlikuwa na vile vijiti na fataki za kawaida. "Hii ni ya watu wajinga kama mimi. Wewe profesa endelea na ya maprofesa."

Nilizijaribu zangu Februari ileile. Theluji ilifika magotini, mate yaliganda kwenye ndevu, na kidole cha kufyatulia nilikipasha kwapani kati ya risasi na risasi. Nilifanya kazi kama nilivyowafundisha wanafunzi: badilisha kitu kimoja, acha vingine vilivyo, rudia. Fataki hafifu ziliwasha baruti kwa kusitasita katika baridi ile, na matundu yakatawanyika kwenye karatasi. Fataki kali ziliiwasha kama amri. Matundu matano yalikaa pamoja hata ungeyafunika kwa sarafu moja. Nikabadilisha kipimo kidogo, nikarudia, yakakaa tena. Nililala pale kwenye turubai nikiitazama karatasi ile kwa darubini, na machozi yakanitoka, nikayasingizia upepo.

Maana siku za katikati ya wiki zilikuwa mbaya. Barua za vyuo zilikuja zikinisikitikia kwa lugha nzuri. Kuna mchana mmoja mwezi ule nilikaa sakafuni mbele ya kabati la chuma, funguo mkononi, bila shabaha yoyote ya kwenda kupiga, mpaka niliposikia basi la shule likifunga breki chini. Nikainuka nikachemsha maziwa. Sikumwambia mtu.

Machi na Aprili nilitengeneza risasi zote za shindano, nikazipanga katika sanduku la plastiki, kila moja imesimama wima kama mwanafunzi kwenye gwaride. Sikuijaribu baruti tena. Nilikuwa na jibu, na mtu aliyekata tamaa akipata jibu halirudishi sokoni kuliuza upya. Majedwali yangu yalikuwa na kila kitu: uzito, urefu, fataki, upepo. Majira hayakuwamo. Kwetu joto la mwezi wa pili na la mwezi wa sita ni ndugu wa tumbo moja. Mwili wangu ulikuwa umeishi Minnesota miaka mingi bila kuamini kwamba huko si ndugu.

Siku ya kuchagua timu jua liliwaka tangu asubuhi, joto zito lenye unyevu, la kunikumbusha nyumbani. Nilifurahi. Nikamwambia rafiki yangu leo tunapiga kwenye hali ya hewa yangu. Wenzetu walishusha masanduku yao ya risasi wakayaweka kivulini, wengine wakayafunika taulo nyeupe. Sisi tulikaa chini ya mti kunywa chai ya tangawizi na mandazi, kwa sababu hatujawahi kuanza jambo lolote bila chai, na sanduku langu likabaki kwenye kiti cha nyuma cha gari, madirisha yamefungwa.

Nilipolala kwenye mkeka na kupachika risasi ya kwanza, shaba yake ilikuwa ya moto kama sufuria. Nikafyatua. Tundu lilikaa nje ya duara, upande wa juu. Nikarekebisha. La pili likaenda juu zaidi. Nilipotaka kuifungua bolti, lile komeo la nyuma ya mtutu, ilikataa, nikaipiga kwa kiganja, ganda likatoka na fataki yake imebonyea bapa kama chapati. Niliielewa maana yake palepale: joto lilikuwa limeipa baruti ukali, na ndani ya mtutu mlikuwa na nguvu kuliko ulivyotakiwa kubeba. Nikapachika ya tatu.

Nahodha wa klabu, mkulima mstaafu aliyekuwa akisema maneno machache kwa mwezi, alikuwa amesimama nyuma yangu. Aliinama akaokota ganda, akalitazama, akaniwekea mkono begani.

"Basi," akasema. "Toa hiyo. Utaumia."

"Zimebaki nyingi."

"Ndiyo maana."

Rafiki yangu aliinuka kwenye mkeka wake. "Chukua zangu, buda. Ziko baridi."

"Hazijawahi kupita kwenye mtutu wangu."

"Si zitapita leo."

Nahodha alitikisa kichwa. Kwake bunduki iliyokwisha kusukumwa hivyo haipigi tena bila kukaguliwa. Nikaitoa risasi, nikakunja mkeka. Nafasi ya nne aliipata rafiki yangu kwa baruti yake ya wajinga, na hakusema neno la mzaha, jambo lililoniogopesha kuliko mzaha wenyewe.

Njiani alijaribu. "Mwambie madam ilikuwa upepo."

"Hakukuwa na upepo."

"Yeye atajuaje?"

"Anajua kila kitu."

Mke wangu alikuwa jikoni. Alinitazama mlangoni, begi la bunduki begani, hakuuliza matokeo. Aliwatuma watoto kwa jirani, akafunga bomba la maji, akakaa mbele yangu.

"Nikuulize jambo. Usinidanganye."

"Uliza."

"Umewahi kuiangalia hiyo bunduki vibaya?"

Nilikuwa na majibu ya msomi, nayo yalikuja yote pamoja, mazuri, yenye vifungu. Nikayaacha yapite.

"Mara moja."

"Februari."

"Umejuaje?"

"Nilirudi nikakuta maziwa yamechemshwa yakaungua, na wewe huachi maziwa yakaungua. Mimi kazini naona watu, baba. Nimekuwa nikikuangalia kila siku nikisema labda hiyo timu itanisaidia." Aliupangusa uso kwa upande wa kanga. "Haikunisaidia. Sasa mpigie rafiki yako, aichukue leo. Na Jumatatu tunakwenda kwa daktari, mimi na wewe. Nimekwisha kupanga."

"Utakosa zamu yako."

"Nimekwisha kupanga, nimesema."

Rafiki yangu alirudi kabla jua halijatua. Hakuvua viatu, hakukubali hata maji. Nikampa begi, kisha funguo za kabati zote mbili, kisha sanduku la risasi ambazo hakuna bunduki ingetakiwa kuzipiga. Akasema atazifungua aimwage baruti, maganda yasitupwe. Alisimama kizingitini, mikono imejaa.

"Jumamosi timu inafanya mazoezi," akasema. "Nitakupitia saa mbili."

"Kufanya nini? Sina bunduki."

"Kubeba chai. Huko hakuna mtu anajua kupika."

Mke wangu alijibu kabla yangu. "Atakuwa tayari," akasema, na mlango ulipofungwa akanishika mkono, akaushikilia, kama ninavyomwona akiwashika wagonjwa wake anapohesabu mapigo.