Vioo vya Gari la Uzazi

Siku yangu ya kwanza kazini nilifungiwa ndani ya gari. Lilikuwa gari jeusi la mteja, limeegeshwa uani tangu asubuhi, vioo vimepandishwa vyote, na jua la Mahajanga la kabla ya mvua halina simile na mtu. Mkuu wa Gereji alinifungulia mlango kwa adabu zote.

"Madamu Nuru," alisema, "kaa humo mpaka ushindwe. Ukitoka, niambie joto limekufikia kutoka wapi."

Nilishindwa upesi. Nilitoka nguo imenigandia mgongoni na hasira zimenipanda, nikamwambia joto limetoka kwenye paa, maana paa ndilo jeusi. Akaniuliza ni wapi mwilini palipoungua zaidi. Nikasema mapajani, na mkono wa upande wa dirisha.

"Paa haliko mapajani mwako," alisema. "Jua limepita kwenye kioo, likaingia kwenye kiti, sasa halitaki kutoka. Kazi yako hapa ni kulizuia mlangoni."

Nilikuwa nimeajiriwa kushona pazia za magari. Nchi ilikuwa imepata uhuru karibuni, magari yalikuwa yanaongezeka, na mshonaji wa kiume aliyekuwapo alikuwa ameacha kazi. Mimi nilikuwa mke wa mtu, nina cherehani nyumbani, na watu wa mtaa wetu wa Wangazija walimweleza yule Mkuu kwamba mishono yangu haifumuki. Yeye alikuwa Mmalagasi wa nyanda za juu aliyejifunzia kazi Ufaransa. Gereji tulisema Kimalagasi na Kifaransa, nyumbani Kingazija. Kiswahili hiki ninachoandikia nilifundishwa na baba, aliyekaa Unguja kabla ya kuhamia Mahajanga, kwa hiyo maneno ya watu nitakayoyataja hapa nimeyageuza mwenyewe. Nayaandika kwa ajili ya vijana wanaonijia wakiuliza waweke tinti gani, kana kwamba tinti ni rangi ya kucha.

Mwanzoni zana zetu zilikuwa chache. Tulishona pazia za kitambaa kizito zinazoteleza kwenye waya juu ya dirisha. Zilizuia jua, lakini zilizuia na upepo pia, na dereva akigeuka nyuma haoni kitu. Wengine walitaka vioo vipakwe rangi ya buluu, nayo ikachubuka baada ya mvua chache gari likabaki na mabaka. Viwanda vya magari vilianza kutoa vioo vya kijani, ambavyo rangi imo ndani ya kioo chenyewe, lakini kukibadilisha kioo kimoja ilikuwa kung'oa mpira wake wa pembeni na kuomba Mungu kisipasuke. Kisha ikaja karatasi ya jua.

Ndivyo tulivyoiita. Ilikuwa plastiki nyembamba iliyoviringishwa, upande mmoja una gundi. Unaosha kioo kwa maji ya sabuni, unakikwangua kwa wembe mpaka kidole kiteleze, unaibandika ikiwa imelowa, halafu unakamua maji kwa kipande cha mpira kuanzia katikati kwenda pembeni. Ukifanya pupa, malengelenge yanabaki chini yake. Wanaume wa gereji walikuwa na mikono ya kufungulia injini, karatasi ikawashinda. Mkuu alinipa mimi, akawaambia wasinisogelee na grisi zao.

Zililetwa aina tatu: nyeusi, ya buluu, na moja ya fedha inayong'aa kama sufuria mpya. Wote tuliipenda nyeusi. Mkuu hakubishana na mtu. Alichukua vipande vya kioo, akabandika kila kimoja karatasi yake, akavisimamisha uani juani, akatupeleka chai. Tuliporudi akatuambia tuweke viganja nyuma ya kila kioo, kisha tukiguse. Nyuma ya kile cheusi macho yalipumzika, lakini kioo chenyewe kilikuwa kimeungua. Kilikuwa kimelimeza jua, na sasa kinalitoa kidogo kidogo upande wetu. Nyuma ya kile cha fedha kiganja kilikaa tu, hakina habari.

"Giza si ubaridi," alisema Mkuu. "Mteja akikuuliza kiasi cha giza, wewe mjibu kiasi cha joto. Na kioo cha mbele usikiguse, labda utepe mwembamba kule juu. Dereva asiyeona usiku hana haja ya kivuli."

Hiyo ndiyo elimu yangu yote, na sijapata kuona aliyeipindua. Karatasi za siku hizi ni nyembamba zaidi, zipo zinazozuia joto na huku zinapitisha mwanga kama hazipo, lakini swali ni lile lile. Bila shaka wateja wana yao. Palikuwa na bwana mmoja wa Boanamary aliyetaka nyeusi tititi, na nilipomweleza habari ya joto akaniambia taratibu kwamba joto analivumilia, asilolivumilia ni watu kujua amempakia nani. Tukamwekea nyeusi. Wiki ile ile mji mzima ulijua, kwa sababu lilikuwa gari pekee la namna hiyo.

Baada ya miaka kadhaa Mkuu alinituma kisiwani Nosy Be. Kiwanda cha sukari cha Dzamandzar kilikuwa na magari mengi, na Mkuu wa Usafiri wa pale aliomba mtu wa kushughulikia vioo kwa msimu mzima wa miwa. Mume wangu alikuwa bandarini Mahajanga, akaniruhusu kwa sababu nitakaa kwa mdogo wangu Zaina. Zaina alikuwa ameolewa na kijana Msakalava wa kiwandani, Mwislamu mzuri, na waliishi na mama mkwe wa Zaina, mwanamke mrefu mwenye maneno machache. Wote tulimwita Dady, ambalo kwa watu wa kaskazini-magharibi ni bibi. Zaina alikuwa na mimba kubwa. Nilifika nikamkuta anatembea ameshika kiuno, anacheka kama kawaida yake.

Gari la kwanza nililopewa lilikuwa la wodi ya uzazi ya kiwanda. Mkunga Mkuu ndiye aliyelilia. Gari lile lilipeleka wanawake hospitali ya mjini Hell-Ville mambo yakiwa magumu, na likawarudisha nyumbani na vichanga vyao. Kurudi ndiko kulikokuwa na tabu. Mnajua mzazi anavyotunzwa: anakandwa, anakunywa vya moto, anafunikwa. Wamalagasi huita mifana, nao hawana mchezo nayo. Basi mzazi aliingia garini amevikwa blanketi, vioo vinafungwa vyote asipigwe na upepo, na gari linakwenda juani katikati ya mashamba ya miwa.

"Wanafika wamezimia," Mkunga Mkuu aliniambia. "Vichanga vinafika vinachemka. Siwezi kuwafungulia vioo, mama zao watanipiga. Nisaidie wewe na karatasi zako."

Nikaweka ile ya fedha, vioo vyote vya ubavuni na kile cha nyuma. Nilifanya kwa mapenzi, lengelenge hata moja hakuna. Mkunga Mkuu aliketi ndani mchana, vioo vimefungwa, akatoka na uso mkavu, akanikumbatia.

Lililoharibu ni furaha ya Mkuu wa Usafiri. Alikuwa mtu wa Nosy Be hasa, mzaliwa wa pale pale, na alilionea fahari gari lake. Zamu ilipobadilishana alisimama mbele ya wafanyakazi akawatangazia: "Kuanzia leo, wake zenu na watoto wao watasafiri ndani ya baridi."

Wanaume walipiga makofi. Walirudi nyumbani wakawaambia wanawake, na kule hakuna aliyepiga makofi. Mzazi ndani ya baridi! Huyo amezaliwa na nani, asiyejua baridi inavyomwingia mzazi mifupani na kumtia wazimu? Mwanamke wa kwanza kurudishwa kutoka Hell-Ville, mama yake alikigusa kioo, akakikuta hakina moto, akamshika bintiye mkono wakarudi wodini kungoja trekta la miwa. Siku chache baadaye lile gari la fedha likawa linapita tupu, na watoto wakijitazama nyuso zao kwenye vioo vyake. Mkunga Mkuu aliwaeleza, akachoka. Mkuu wa Usafiri aliniambia nikwangue karatasi yote, hataki lawama. Nilimwomba anipe siku chache. Sikuwa na mpango wowote, roho iliniuma tu.

Katika siku hizo uchungu ukamshika Zaina. Alijifungua nyumbani, asubuhi, mtoto wa kike, bila shida. Dady alikuwa amekwisha washa moto chini ya kitanda kwa kiasi chake na maji yanachemka. Tukangoja kondo la nyuma. Halikutoka. Jua likapanda, damu ikawa haikati, na Zaina akaacha kucheka. Shemeji yangu alikimbia kumwita Mkunga Mkuu, naye alikuja na gari. Alimwangalia Zaina kidogo tu.

"Hell-Ville, sasa hivi," alisema. "Daktari wa upasuaji yupo. Nikibaki naye hapa, nitampoteza."

Dady alisimama mlangoni. Alikuwa amelitazama gari. "Siyo ndani ya hilo," alisema.

"Dady, hakuna jingine karibu," Mkunga Mkuu alimwambia.

"Mtoto wa watu ameletwa kwangu mzima. Ametoka kuzaa na wewe unamtia kwenye baridi. Akifa njiani, mama yake atamwuliza nani?"

Hakuwa mkorofi, na ndiyo sababu sikuweza kumkasirikia. Alikuwa akimtetea mdogo wangu kwa nguvu zake zote, kama mimi. Shemeji alikuwa analia. Mkunga Mkuu alikuwa anapandisha sauti. Nilimtazama Zaina, midomo yake imekuwa ya kijivu, na nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Nikamshika Dady mkono, nikamwuliza swali ambalo hata sikujua kama ni la akili.

"Dady, nyumbani kwetu mzazi hatoki juani mpaka arobaini. Kwenu je?"

"Kwetu pia. Jua si la mzazi."

"Kioo hiki kinafukuza jua. Basi. Hakileti baridi, hakina baridi ya kuleta. Aliyesema baridi ni mwanamume."

Dady aliuachia mkono wangu. Akatembea mpaka kwenye gari, akafungua mlango, akaingia akaketi kwenye kiti cha nyuma peke yake, na sisi wote tunamtazama na damu inakwenda. Naapa hakukaa kitambo, ila kwangu ulikuwa mwaka. Akatoka.

"Humu hamna kitu," alisema. "Si baridi, si jua. Ni kama nyumba ambayo haijawashwa moto. Leteni mawe yangu."

Yalikuwa mawe ya mifana, yamekaa motoni tangu alfajiri. Aliyafunga kwenye magunia, akayapanga sakafuni chini ya miguu ya Zaina, akatandika blanketi, akaingia yeye kwanza ili ampokee kichwa mapajani. Mkunga Mkuu alipanda mbele. Mimi nilimbeba mtoto. Njia nzima dereva alitokwa jasho akilalamika kwamba karatasi ya fedha haina maana ikiwa tumebeba jiko, na Dady akamwambia aangalie barabara. Zaina alikuwa akifumba macho, Dady akimpigapiga shavuni na kumwita jina.

Tulifika. Daktari alikuwa tayari. Zaina alitoka chumba cha upasuaji baada ya Adhuhuri akiwa hai.

Alipopata nguvu alirudishwa Dzamandzar kwa gari lile lile. Dady aliketi naye nyuma, na wanawake wa kiwandani walitoka milangoni kuona. Hakuwahubiria. Aliwaambia tu kwamba humo jua haliingii, na kila nyumba ije na mawe yake. Tangu hapo gari halikupita tupu. Mkuu wa Usafiri aliniita ofisini, akanikaribisha kiti, akasema tuache habari ya kukwangua. Nilimwambia ahsante, na kwamba akitaka kutangaza tena aniulize kwanza. Alicheka, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema.

Nilirudi Mahajanga nikafanya kazi gereji ile mpaka macho yalipoanza kunidanganya kwenye kingo za kioo. Mkuu wa Gereji alikuwa amekwisha staafu. Nilikwenda kwake kumuaga nilipoacha kazi, nikamshukuru usoni, jambo ambalo wengi wetu hulingoja mpaka matanga. Alinifundisha bila kunicheka, mimi mwanamke wa cherehani katikati ya mainjini, na kazi ile imenisomeshea watoto na kunipa heshima mtaani. Sina kinyongo na siku hata moja. Nyinyi mnaoniuliza mweke nini, wekeni kinachozuia joto, mwacheni dereva aone, na kabla hamjambandikia mtu kitu, mwulizeni nani atakaa ndani yake na anaogopa nini.

Zaina ni mzee sasa, ana maneno mengi kuliko mimi. Yule mtoto aliyezaliwa siku ile ananiita mama mkubwa, na kila Idi huja kunisalimia na wanawe. Nikimwona anaingia, namshukuru Mungu, kisha Mkuu wa Gereji aliyenipa elimu, kisha Dady. Zaina hunikatiza kila mara. Anasema baada ya Mungu aje Dady, maana karatasi ilikuwa pale kiooni siku zote, na kama yule mama asingekubali kuingia mle ndani peke yake mbele ya watu, ningebaki na kioo kizuri na kaburi la kuzuru.

Na ni kweli.