Tove na Baiskeli Isiyokwenda Popote

Wifi yangu Tove Ravnsborg, mke wa kaka yangu Aksel, alikuwa muuza maua hapa Svendborg. Katika mji ambao hata mchungaji huenda mazishini kwa baiskeli, yeye aliwasha gari hata kufuata mkate kona ya pili. Mwili mkubwa, kicheko kikubwa zaidi. Tulitaniana tangu siku ya harusi yao.

Akiwa na miaka hamsini na nane alipapasa uvimbe kwenye titi la kushoto. Saratani. Madaktari wa hospitali ya mji wa Odense waliamua aanze na dawa kali ili uvimbe upungue, kisha wampasue. Ndipo mtafiti mmoja, Signe, alipomwomba aingie kwenye utafiti wake: awe anakanyaga baiskeli ya mazoezi hospitalini katika majuma yote ya dawa.

"Mwanangu, umeniangalia vizuri?" Tove akamjibu. "Mimi na ngazi hatusalimiani."

Signe alicheka, kisha akaeleza kwamba panya waliopewa gurudumu la kukimbilia, uvimbe wao ulikua polepole kuliko wa wenzao waliokaa tu. "Kwa binadamu bado hatujui, ndiyo maana tunakuhitaji."

Alikubali, nadhani kwa kunikomoa mimi niliyesema hataweza.

Haikuwa rahisi. Dawa zilimng'oa nywele, na samaki wa siki, chakula alichokipenda, akawa na ladha ya chuma. Siku moja nilimkuta kainamia ndoo.

"Wifi, leo pumzika."

"Ili ukatangaze kwamba ulijua sitaweza? Nipe viatu."

Asubuhi moja ya Februari nilimsindikiza. Signe alimtoa damu, akamkalisha kwenye baiskeli mpaka akatota jasho, akamtoa damu tena. Baadaye alituita kwenye chumba chenye hadubini iliyounganishwa na skrini.

"Hii ni kabla." Tuliona vitone vichache vya kijani. "Ni chembe za kinga, zile zinazoua seli za saratani. Na hii ni baada."

Skrini ilijaa kijani.

Tove aliisogelea skrini. "Zote hizi zilikuwa wapi?"

"Ndani yako. Nyingine kwenye wengu, nyingine zimenata kwenye kuta za mishipa. Moyo ukienda mbio, zinabanduka na kuingia kwenye damu."

Kisha akatuonyesha chembe moja ya Tove ikiwa pamoja na seli ya saratani iliyokuzwa maabara. Iliisogelea, ikaiegemea kama mtu anayenong'ona. Ile seli ya saratani ikatutumka, ikapasuka.

"Mwili huu nimeutukana kila nikipita kwenye kioo," Tove alisema taratibu.

Siku ya upasuaji walikuta uvimbe umebaki kama punje ya dengu. Tove alimwuliza Signe: ni dawa au baiskeli?

"Dawa zimefanya kazi, hilo nina uhakika. Baiskeli, sijui. Tusubiri majibu ya wanawake wote."

Sasa ni miaka saba na yuko mzima. Jumapili iliyopita tulipanda kilima kwa miguu kuelekea msituni, yeye mbele, akihema. Nilianza kusimulia habari za jirani. Akasimama ghafla, vidole viwili shingoni kwenye mshipa, macho kayafumba.

"Hebu nyamaza kidogo," akasema. "Zinapita."