Nilivyomsalimia Mgonjwa Aliyezimia

Mimi ni mtu wa kochi. Safari yangu ndefu kuliko zote huishia sokoni Mwembesongo. Lakini niliitamani reflekta, ile fulana inayong'aa ya waokoaji wa mlimani, nikajiunga na mafunzo ya huduma ya kwanza. Nilijigamba hadi mke wangu akaziba masikio.

Siku ya mtihani, huko Uluguru, nikamkuta "mgonjwa aliyezimia" kajifunika khanga usoni. Nilitakiwa nimpigepige begani, nimwite, nisikilize pumzi. Nikafunua khanga. Mama mkwe! Kumbe alijitolea kuigiza. Mkwe nitampigaje begani? Nikarudi nyuma, nikapiga magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Wajukuu hawajambo?"

"Hawajambo, mama."

Mkufunzi akafunga daftari. "Kaka, vua reflekta. Mgonjwa wako ameshakufa, na nyie bado mnaulizana hali!"