Bango langu la "marudio" lilivyotugombanisha na akina mama wa Nyarugusu tuliotaka kuwatetea

Wakuu, habari za mapumziko.

Nimesita wiki tatu kuleta uzi huu, na hii mnayosoma ni rasimu ya sita. Yote yamenitokea mimi mwenyewe. Nilichobadilisha ni majina tu, maana huyu nitakayemwita Mama Kulwa naye ana bando.

Nakaa Ngokolo, Shinyanga mjini. Shule niliishia kidato cha nne. Kuandika nimejifunza mwenyewe kwa kusoma chochote chenye herufi, mpaka maelezo ya nyuma ya pakiti ya dawa ya mbu. Tatizo langu ni moja: siwezi kuachia kitu mpaka kiwe sawa. Ujumbe wa "nimefika salama" naweza kuufuta mara nne.

Kwa tabia hiyo, kikundi chetu cha maigizo na ngoma kikanipa ukatibu.

Mwaka huu tulialikwa Nyarugusu machimboni na akina mama wa mwaloni, pale wanapooshea mchanga wa dhahabu. Ingekuwa mara yetu ya kwanza kucheza nje ya mkoa. Walitaka igizo kuhusu jambo linalowauma: kwao mwanamke haruhusiwi kusogelea duara, yaani shimo la kuchimbia, eti akisogea dhahabu inakimbia.

Kiongozi wetu, Kaka Shija, akasema kwanza tutoe tamko mtandaoni. "Tukikaa kimya sisi ni bendi ya harusi tu."

(Mimi sina ugomvi na bendi za harusi. Kule kuna pilau.)

Tamko nikapewa mimi. Nilibishana na nafsi yangu kuhusu "sio" na "siyo" siku tatu. Mwisho nikatengeneza bango kwa simu, herufi nyeupe juu ya nyekundu:

MWANAMKE SI MKOSI. TUMECHOKA NA MARUDIO. MARUDIO SASA BASI.

Nilimaanisha uonevu ule ule unaojirudia. Niliona nimekimaliza Kiswahili.

Nikaposti saa nne asubuhi, nikaweka simu chini ya mto, nikaukalia mto.

Saa sita nikachungulia. Kumechafuka.

Mmoja: "Wasanii pigeni ngoma, haya mambo hamyawezi." Mwingine anauliza nani katutuma. Mwingine anasema tushuke duarani kwanza tulione giza, ndiyo tuje na matamko. Kuna aliyeuliza kama tunapatikana kwenye kipaimara mwezi ujao.

Hayo nilikuwa nimejiandaa nayo.

Kilichonishangaza ni waliotuunga mkono. Bwana mmoja mwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe, aliandika: "Hongereni vijana. Marudio yafungwe hata leo." Nikamwekea moyo. Nikapiga picha ya skrini, nikatuma kwenye grupu letu: oneni, hata wanaume wanabadilika.

Haikupita muda simu ikaita. Mama Kulwa, mwenyekiti wa wale akina mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Bebe, marudio yamekukosea nini?" ("Bebe" ni "wewe" kwa Kisukuma, msifikirie mengine.)

Nikaanza kumweleza habari ya uonevu unaojirudia. Akaniacha nimalize, kisha akasema taratibu, kama anayemwelekeza mgeni njia ya chooni:

"Mwanangu, huku marudio ni mchanga. Mawe yakishasagwa yakaoshwa, wenye duara wakachukua chao, ule mchanga unaobaki ndiyo marudio. Sisi tunauosha tena. Ndio unaowasomesha Kulwa na Doto. Wewe umeandika 'sasa basi'."

Nikataka kujitetea, akaendelea:

"Na huyo wa karasha uliyemwekea moyo, anayamezea mate hayo marudio tangu mwaka jana. Bango lako amelichapisha, amelibandika hapa mwaloni. Jumamosi msije."

Akakata.

Nikafuta posti. Kosa jingine hilo: waliokuwa wanatutukana sasa wakasema tumenunuliwa.

Nikaandika barua ya kujiuzulu. Nilipokuwa naisahihisha mara ya nne, Kaka Shija akaninyang'anya simu. "Tunakwenda ukaombe radhi kwa mdomo. Huko huwezi kufuta."

Kesho yake tukaondoka. Njiani, Segese, tulishuka kunywa chai. Mimi chapati ilinishinda kumeza, Kaka Shija akanisaidia.

Mwaloni tukakuta bango kwenye nguzo. Kwa kweli lilikuwa limetoka vizuri. Nikasalimia mama mmoja mmoja, shikamoo zaidi ya kumi.

"Ndiye huyu?" mmoja akasema. "Nilidhani jitu zima."

Mama Kulwa hakutaka kusikia radhi kwanza. Akanipa karai la mchanga. "Osha."

Nikaosha. Maji yakaondoka, na mchanga ukaondoka nayo wote. Nikabaki na karai safi.

"Jamani, huyu kweli anataka marudio yaishe," mama mmoja akasema. Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Na mimi nikacheka, huku machozi yananitoka. Hapo ndipo nikaomba radhi, maneno matano, bila rasimu.

Mama Kulwa akaangalia bango, akaniangalia. "Andika lingine, halafu Jumamosi mje. *Marudio ni yetu. Na duarani tunakuja.*"

Nilitaka kumwambia sentensi haipendezi ikianza na "na". Kaka Shija akanikanyaga mguu.

Nikaposti vile vile. Matusi yakaja upya, safari hii na yule bwana wa karasha yumo.

Jumamosi tulicheza. Dhahabu aliigiza Mama Kulwa mwenyewe: kila mwanamume akisogea, yeye mbio, akisogea mwanamke, anatulia asukwe nywele. Bwana wa karasha alicheka, halafu akakumbuka hatuelewani.

Duara hawajaruhusiwa bado. Ila bango la zamani walilitoa wenyewe, wakalitandika chini ya marudio wakati wa kuanika.

Nilichojifunza: nilikagua kila nukta ya lile tamko, nikasahau kuwasomea wenyewe niliowaandikia. Simu moja tu ingetosha.

Mnaoamini wasanii tubaki na ngoma, karibuni tubishane. Wachimbaji, niambieni kama kuna neno jingine nimelipindisha humu.

Ila atakayeona kosa la tahajia anifuate pembeni. Hapa mbele za watu sitaweza.