Majira ya Baridi Bila Beki Wetu

Nilianza kucheza hoki ya barafu nikiwa na miaka thelathini na minane. Mfanyakazi mwenzangu katika duka la dawa kule Bloomington, ughaibuni tunakoishi, alikuwa golikipa na nahodha wa timu ya wanawake wanaojifunza. Siku moja alinikuta chumba cha mapumziko nakunywa chai, akaniuliza Jumamosi asubuhi huwa nafanya nini. Nikamwambia ukweli, kwamba nafua. Akasema timu yake imepungukiwa mtu mmoja, na nguo zinaweza kusubiri mpaka mchana.

Nilipomsimulia mume wangu alicheka mpaka akakaa chini.

"Wewe? Mtu wa Morogoro? Kwenye barafu?"

Hata hivyo Jumapili yake tulikwenda wote kwenye bustani ya mtaani kwetu, mahali ambapo majira ya baridi humwagiwa maji yakaganda yakawa uwanja. Tukavaa viatu vya kutelezea vya kuazima. Yeye ndiye aliyeogopa zaidi. Ikabidi nimshike mikono yote miwili, nirudi kinyumenyume nikimvuta polepole, macho yangu usoni kwake asije akaniangukia. Tulifanya hivyo kila Jumapili, wiki baada ya wiki. Yeye hakujifunza sana. Mimi nilijifunza.

Timu yetu ilikuwa na wanawake kama kumi na wanne: wauguzi, walimu, mama wa nyumbani wawili, na mimi mfamasia. Katika mchezo huu kila upande huingiza watu watano na golikipa, wanafukuzia paki, kisahani cheusi cha mpira mgumu, kwa magongo marefu. Watatu hushambulia, wawili hubaki nyuma kama mabeki. Mimi niliwekwa mbele, mahali ambapo makosa yangu hayakuwa na madhara makubwa.

Nyuma alikuwepo beki wetu. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na miwili, fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja huko Fridley, mrefu, mwenye mvi fupi na maneno machache. Alicheza beki wa kulia na wa kushoto sawasawa. Mshambuliaji akichoka, yeye ndiye aliyepanda mbele. Jumamosi moja golikipa alikwama barabarani kwa theluji, na beki wetu akavaa yale mapedi makubwa ya miguuni akakaa golini nusu ya mchezo bila kulalamika. Na muda wote alikuwa anatuita: "Kushoto! Rudi! Tulia, una muda!" Lile "una muda" nililipenda mno. Ukiwa mgeni kwenye barafu unadhani kila kitu kinataka kufanyika sasa hivi. Sauti yake ilinifanya nivute pumzi, nitazame, ndipo nipige.

Nadhani hatukujua tulivyokuwa tunamtegemea. Hatukuwa tunafikiri. Tulikuwa tunamsikiliza yeye.

Jumamosi moja ya Januari paki ilikwenda kwenye kona, naye akaifuata pamoja na mchezaji wa timu nyingine. Miguu yao ikanasana. Wote wawili walianguka, lakini yeye ndiye aliyetangulia kugonga ubao unaozunguka uwanja, kwa bega. Hakuna aliyemkosea mwenzake. Beki wetu akajiinua akakaa, akashika shingo yake karibu na bega, akasema, "Nimevunjika," kwa sauti ya mtu anayekuambia saa yake imesimama. Yule mwingine ndiye aliyelia.

Gari lililokuwa karibu na mlango lilikuwa la golikipa wetu. Akavua viatu vya kutelezea, akampeleka hospitali akiendesha na soksi tu miguuni, maana hakutaka kupoteza dakika kutafuta viatu vyake. Mchezo ukaishia hapo. Jioni tukapata ujumbe: mfupa wa mtulinga umevunjika, na msimu huu hatacheza tena.

Wiki iliyofuata tulifungwa tisa bila. Siyo kwamba wale walikuwa hodari sana. Paki ikija, watatu kati yetu tunaikimbilia, au hakuna anayeikimbilia. Kila mtu alikuwa anangoja kuambiwa. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo tulifungua kamba za viatu haraka haraka, na mwalimu mmoja wa chekechea, mtu wa vicheko siku zote, alitoka bila kuaga.

Nahodha akaona atafute msaada. Akamwazima msichana aliyewahi kucheza chuo kikuu, mwepesi kama upepo. Tukashinda tano kwa moja, na mabao yote matano alifunga yeye. Tulimpongeza, alistahili. Lakini alipoondoka, yule mwalimu wa chekechea alisema, "Leo nimegusa paki mara mbili. Mara ya pili ilinigonga yenyewe." Tukacheka kidogo, kicheko cha aibu. Nahodha akakuna kichwa akasema hatamwita tena.

Siku iliyofuata nilipika pilau nikampelekea mgonjwa wetu. Alikuwa anaishi peke yake katika fleti ndogo, mkono wake umefungwa kwa kitambaa begani. Alikula vizuri, akaniuliza ile harufu ni ya nini, nikamtajia viungo kimoja kimoja. Kisha akaweka uma chini.

"Nasikia mmeshinda tano kwa moja."

"Ameshinda yule msichana. Sisi tulikuwepo tu."

"Kushinda ni kushinda."

"Dada, kama ungetuona usingesema hivyo."

Akatazama dirishani ambako theluji ilikuwa imerundikana kwenye kingo. "Nilipoambiwa matokeo," akasema, "sikufurahi. Nimeona haya tangu jana. Nilitaka mshindwe."

Nikamwongezea pilau. Pengine lilikuwa jibu la kutosha, maana alitabasamu, akaanza kuuliza maswali ya kazi. Nani anarudi nyuma haraka? Nani ana sauti? Na mwisho: "Wewe, unaweza kuteleza kinyumenyume?"

Nikamwambia naweza kurudi nyuma vizuri kuliko ninavyoweza kwenda mbele. Nikamsimulia habari za mume wangu na bustani ya mtaani. Alicheka mpaka akashika bega kwa maumivu.

"Vua viatu," akasema.

"Hapa?"

"Hapa jikoni. Nionyeshe."

Basi nikateleza na soksi juu ya sakafu ya jikoni yake, kutoka jokofu hadi mlangoni, mgongo ukitangulia na mikono mbele kana kwamba namvuta mtu. Alinitazama jinsi ambavyo bila shaka hutazama mashine zake kiwandani, bila kupepesa.

"Umekuwa mshambuliaji miezi hii yote," akasema. "Tumekuonea. Mtu anayeweza kumvuta mwanaume mwoga kinyumenyume bila kumwangusha, huyo ni beki."

Jumamosi iliyofuata alikuja uwanjani, koti limetupiwa begani juu ya ule mkono uliofungwa, akasimama nyuma ya benchi. Akagawa kazi zake. Mwalimu wa chekechea, aliyezoea kuita watoto ishirini kwa mara moja, akapewa kazi ya kuita. Muuguzi mmoja mwenye mbio akapewa kona. Mimi nikawekwa beki wa kushoto. "Msijaribu kuwa mimi," alituambia. "Kila mtu afanye hicho kimoja tu."

Siku hiyo tulifungwa tatu kwa mbili, na tukatoka tunaongea wote kwa pamoja kama watu waliotoka harusini. Wiki iliyofuata tukatoka sare. Naye hakukosa Jumamosi hata moja, akituletea machungwa aliyoyamenya kwa mkono mmoja, sijui kwa namna gani.

Mchezo ninaoukumbuka zaidi ulikuwa mwezi Machi, na timu ile ile iliyotufunga tisa. Mume wangu alikuja, akamleta na jirani yetu, mama Mkongomani tuliyekuwa tukisali naye, ambaye hakuwahi kuona hoki maishani. Zilibaki dakika chache, sisi tunaongoza mbili kwa moja. Mshambuliaji wao akapenya, kukawa hakuna mtu mbele yake isipokuwa mimi na golikipa. Zamani ningemrukia na kuanguka. Safari hii nikageuza miguu nikaanza kurudi kinyumenyume, uso kwa uso naye, kasi yake na kasi yangu. Nyuma ya benchi nikasikia ile sauti: "Una muda! Una muda!" Nilimwacha aje. Nikamsogeza pembeni taratibu, kila hatua goli likizidi kuwa jembamba machoni pake, mpaka akakata tamaa akapiga mapema. Nikanyoosha gongo, paki ikaligusa ikaruka juu kwenye wavu unaowakinga watazamaji.

Kipenga kilipolia mwishoni tulirundikana juu ya golikipa wetu. Jirani yangu aliningoja mlangoni ameshika kifua.

"Eh, dada! Ile ni mchezo ao ni vita?"

"Ni mchezo, mama."

"Na weye ulikuwa unamukimbia yule bibi?"

"Namrudisha nyuma."

"Weye ndiye ulikuwa narudi nyuma!" akasema, na mume wangu akashindwa kujizuia kucheka.

Ule msimu tulimaliza katikati ya msimamo, si juu, si chini.

Vuli ilipofika, kabla baridi haijarudi, daktari akamruhusu beki wetu kucheza tena. Alikuja mazoezini mapema, akafunga kamba za viatu kwa mikono miwili, akasimama katikati ya chumba.

"Haya. Nicheze wapi?"

Tukatazamana. Hakuna aliyekuwa amelifikiria jambo hilo. Niliinuka kumpa nafasi, kwa kuwa ilikuwa yake, lakini mwalimu wa chekechea akanivuta shati nikakaa.

"Popote unapotaka," akamwambia, "ila si nyuma kushoto. Pale pana mtu."

Niliona kitu kikipita usoni pake. Nilihisi tumemuumiza. Lakini akanitazama kwa muda, akaanza kucheka, kicheko cha chini kilichomtoka polepole, akasema basi atajaribu mbele, maana kule hajawahi kukaa vya kutosha.

Asubuhi hiyo alipata nafasi ya wazi kabisa, goli tupu, akapiga nje, akaanguka chali kwenye barafu. Tulikimbilia kumtazama bega. Lilikuwa zima. Alikuwa amelala anatazama dari, anacheka, anasema huko mbele ni kugumu kuliko alivyodhani. Baadaye tulikwenda wote kula mayai na mikate ya kukaanga kwenye mgahawa wa karibu, tukaunganisha meza tatu, naye akakaa katikati.