Sahani Yangu Katikati ya Lupango

Ninafundisha hapa Mweso, na chumba nimekipanga kwa Mama Furaha. Chumba cha pili alikipanga juzijuzi kijana wa shirika la misaada, anayeendesha jipu nyeupe ya kazi. Yeye, Mama Furaha anamwita “mutoto wangu”. Mimi ananiita “mwalimu”.

Jumatatu nimerudi kutoka kusalimia wazazi wangu kijijini Nyamitaba, nikakuta majirani wanaingia chumbani kwa kijana huyo na masufuria: sombe ya majani ya muhogo, bugali, maharagwe, hata fromaji, jibini nzima! Mimi nilipohamia, hakuna aliyeniletea hata kiazi. Wivu ukanipanda kichwani. Nikachukua sahani yangu, nikasimama katikati ya lupango, ua wetu sote, nikapaza sauti:

“Mama Furaha, na miye niko mupangaji! Ao munapenda watu ya shirika tu? Na miye muniletee!”

Mama Furaha akanishika mkono.

“Pole, mwalimu, hatukujua. Huyu mutoto, mama yake amekufa Walikale, na barabara imefungwa, njo maana tunalia naye hapa na kumuletea chakula. Na wewe, umefiwa na nani?”

Kijana wa shirika akatoka chumbani, macho mekundu, akanisogezea kiti kando ya chake.

Mama yangu nilimwacha asubuhi ile akipalilia viazi.