Kabati Lilifungwa, Benchi Likasikia

Kwa miaka sita nilifanya kazi ya kupiga kelele. Kwenye karatasi niliitwa nesi, lakini kliniki ya masikio haijui sauti ya chini, na ikifika saa nane mchana koo langu lilikuwa limekauka kama la mchuuzi wa mitumba. Nikirudi nyumbani sikutaka kuzungumza na mtu. Mama yangu alidhani ninaringa.

Ilikuwa kliniki ndogo ya mtu binafsi, mjini Mwanza, miaka ile madaktari walipoanza kuruhusiwa kufungua za kwao. Vyumba viwili vilivyotenganishwa na plaiwudi isiyofika darini, na nje ya pazia la mlango, benchi la kusubiria. Daktari alikuwa mzee mwangalifu, na kuliko hata usafi alilinda kadi za wagonjwa. Kadi haikuachwa mezani hata dakika moja. Ndugu akija kuuliza habari za mgonjwa, aambiwe amlete mwenyewe. Kabati lilikuwa la chuma, na ufunguo wake niliuvaa shingoni kwa kipande cha bandeji. Nilijivunia ufunguo ule, sitaficha. Kila aliyeulizauliza nilimwona mwizi.

Halafu, kabati likishafungwa, nilisimama mbele ya mgonjwa na kumpigia kelele ugonjwa wake.

Hakuna aliyeona ajabu. Asiyesikia huambiwa kwa sauti. Ndivyo watu wanavyofanya majumbani, nasi tulifanya hivyo hivyo. Kibaya zaidi, mashine ya kupimia usikivu ilitaka ukimya. Kabla ya kila kipimo nilifunua pazia na kuwaomba walio kwenye benchi wanyamaze. Walinyamaza kweli. Watu wetu ukiwaambia daktari anataka utulivu, hata mtoto anayelia hupewa ziwa haraka. Nilikuwa ninawaandaa wasikilize vizuri, na jambo hilo halikunijia akilini hata siku moja.

Asubuhi moja alikuja mfumaji wa kiwanda cha nguo, mtu wa Buhongwa, aliyenizidi umri kwa miaka kama ishirini. Nilimwamkia "shikamoo", akanitazama midomo kidogo ndipo akaitikia. Kabla hajakaa aliinama karibu yangu.

"Nesi, kiwandani hawajui kama nimekuja huku. Naomba isijulikane."

Nilimwelewa. Kiwanda kilikuwa kinauzwa, na mji mzima ulijua kwamba kabla mwekezaji hajaingia watu watapunguzwa. Majina yalikuwa hayajatoka. Mgonjwa angekuwa wa kwanza, hata kama ugonjwa wenyewe aliupatia humo humo kiwandani. Nikamwonyesha kabati, nikamwonyesha ufunguo shingoni. Mabega yakamshuka, akakaa.

Kipimo kilikuwa kibaya. Mlio ulipokuwa mkubwa kiasi kwamba mimi niliusikia nikiwa nimesimama pembeni, ndipo alipoinua mkono. Daktari aliandika majibu, akaniachia nimweleze, nami nikamweleza kama nilivyozoea. "Masikio yako yote mawili yamekufa kwa kelele za mashine. Hayatapona. Ukiendelea kufuma, hata haya mabaki yataisha." Nilirudia mara mbili. Akatikisa kichwa, akashukuru, akaondoka. Nikafungia kadi yake, nikaita anayefuata: mama mmoja wa Mkuyuni na mtoto anayetoka usaha sikioni.

Baada ya miezi miwili hivi mfumaji alirudi. Siku hiyo benchi lilijaa, wengine wamechuchumaa ukutani. Alikuwa amekonda.

"Jina langu limetoka," akasema. "Msimamizi kaniambia usoni, masikio yako yote mawili yamekufa, utafuma nini? Maneno yako yale yale, nesi."

Nikasubiri anitukane, na kwa kweli ningeona nafuu.

"Sikuja kukulaumu. Wewe kadi yangu uliifunga, nilikuona kwa macho. Nimekuja unipe barua ya daktari, nijaribu sehemu nyingine. Aliyenisema namjua. Nilimwambia mke wangu peke yake. Kikulacho ki nguoni mwako. Nimemrudisha kwao Magu."

Alisema kwa sauti ya mtu asiyejisikia mwenyewe. Benchi zima lilisikia.

Nikafungua kabati. Sikutoa kadi yake, nilitoa ya yule mtoto wa Mkuyuni. Pale kwenye kazi ya baba nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu: msimamizi, kiwanda cha nguo. Ningeweza kumwonyesha. Lawama ingekwenda kwa mama aliyekuwa amekaa tu kwenye benchi akingoja zamu yake, akiwa kimya kwa sababu mimi nilimwomba anyamaze. Nikairudisha kadi.

Nikashika kalamu nimwandikie ukweli. Karatasi ingekuwa siri yetu wawili, na hapo nilijiona mwoga, kwa sababu siri hiyo ingenifaa mimi tu. Watu wote wale walikuwa wamekwisha kusikia mke wa mtu akiitwa msaliti, na karatasi isingewafikia. Nilichoka ghafla, uchovu wa miaka yote sita. Nikaiweka kalamu chini.

"Mke wako hakusema," nikapaza sauti. "Ni mimi. Siku ile nilikupa majibu kwa sauti kama hii, na nje palikuwa na watu."

Akaweka kiganja nyuma ya sikio. "Sijakupata, nesi. Sema tena."

Nje hakuna aliyekohoa. Upande wa pili wa plaiwudi daktari aliacha kuandika. Nikarudia neno kwa neno, kwa nguvu zaidi, na safari hii yakamfikia.

Alifunua pazia akawatazama waliokaa, mmoja mmoja. Kila aliyetazamwa aliinamisha macho. Kisha akanigeukia.

"Siku ile ulisema kwa nguvu hivi?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mimi nilijua umeninong'oneza," akasema, akatoka kwenda kutafuta gari la Magu.